Je, Nyama Ichezayo Ina Uhai? Somo Juu ya Aina Tatu za Misuli

 

Somo letu la mara hii latokana na maneno mawili yasemwayo sana penye nyama, hapa Nyamache na katika masoko mengine ya Gusii. Neno la kwanza husemwa na muuzaji. Ng'ombe ameanguka bondeni, au amekutwa amelala hajiwezi, akapitishiwa kisu kwa haraka. Nyama yake ikishatundikwa, huonekana yatetema na kurukaruka, na mwenye nyama akaulizwa habari zake husema: "Tazameni, nyama yacheza! Mnyama huyu alichinjwa naye yu hai." Neno la pili husemwa na wachunaji walio na haraka. Mnyama amekwisha kukatwa, bado arusha miguu na kukoroma, nao husema: "Huko ni kucheza kwa nyama tu. Anza kuchuna."

Neno la kwanza laweza kuwalisha watu kibudu kwa jina la halali. Neno la pili laweza kumtesa kiumbe kilichochinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu. Na ajabu ni kwamba maneno haya mawili yapingana: wa kwanza adai kwamba kucheza kwa nyama ni uhai, na wa pili adai kwamba si uhai. Hapana budi basi tujue nyama ni nini, kwa nini hucheza, na ni kucheza kupi kunakoonyesha uhai na kupi kusikoonyesha kitu.

KWA NINI DARASA LISOME HABARI HIZI

Wako ndugu zetu wanaodhani kwamba elimu ya viungo vya mwili ni ya skuli tu, na kwamba darasa la dini halina haja nayo. Rai hii si ya wanavyuoni wetu wa zamani. Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa tabibu mkubwa, na papo hapo alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyesomesha fiqhi. Kabla yake matabibu walishika kauli ya Galen, na Ibn Sina akaifuata, ya kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo hata wa kushoto kwa kupitia vitundu vilivyomo katika ukuta wa kati. Ibn al-Nafis akaandika kwamba nyama ya ukuta ule ni nene na haina vitundu. Na kwamba damu hupita mapafuni kwanza, ndipo irudipo upande wa kushoto. Hakumvunjia Ibn Sina heshima yake, bali alikataa kauli ya mkubwa isimame mahali pa dalili.

Mwendo huo ndio tunaoutaka katika darasa zetu. Hatusemi kwamba Qur'ani imeteremshwa kutufundisha majina ya misuli. Twasema kwamba Qur'ani yatuamrisha tuzingatie nafsi zetu na viumbe vinavyotuzunguka, na sharia yatupa hukumu. Na mwenye kukijua kiumbe vizuri huweza kuiweka hukumu mahali pake.

MSULI NI NINI

Nyama tuinunuayo buchani, ukiondoa mafuta, mifupa na kano, karibu yote ni misuli. Msuli ni tishu, yaani kundi la seli zilizoungana kwa kazi moja. Na kazi ya msuli ni kujikaza, kisha kulegea. Msuli huvuta, wala hausukumi kamwe. Mama apigaye jembe katika shamba la mtelemko hapa Bobasi huuinua mkono wake kwa misuli ya upande mmoja, na huushusha kwa misuli ya upande wa pili. Upande mmoja ukivuta, wa pili hulegea.

Ndani ya seli ya msuli mna nyuzi nyembamba mno za protini za namna mbili, aktini na miosini, zilizopishana kama vidole vya mikono miwili viingianavyo. Amri ikifika, kalsiamu hufunguliwa ndani ya seli. Hapo vichwa vidogo vya miosini huishika aktini, huivuta, huiachia, kisha huishika tena mbele kidogo. Nyuzi zenyewe hazifupiki, bali huteleza baina yake, na kwa kuteleza huko msuli mzima hufupika. Habari hii ilitolewa mwaka 1954 na makundi mawili ya wataalamu, kila moja kwa kazi yake: Andrew Huxley pamoja na Rolf Niedergerke, na Hugh Huxley pamoja na Jean Hanson.

Nguvu ya kazi hiyo hutoka katika kemikali iitwayo adenosini-trifosfati, kwa kifupi ATP, ambayo mwili huitengeneza kutokana na chakula. Msomaji na ashike jambo moja hapa, kwa kuwa tutalihitaji mbele: ATP yatakiwa kwa kuvuta, na yatakiwa vilevile kwa kuachia. Ikimalizika, vichwa vya miosini hubaki vimeshika, wala havibanduki.

Basi misuli ya wanyama wenye uti wa mgongo, na mwanadamu pamoja nao, ni ya aina tatu.

AINA YA KWANZA: MISULI YA MIFUPA

Hii ndiyo misuli iliyoshikamana na mifupa kwa kano: mapaja, mabega, shingo, sarara, na ulimi pia ni wa aina hii. Mwanadamu ana misuli ya namna hii zaidi ya 600, nayo kwa mtu mzima ni karibu asilimia 40 ya uzito wa mwili wake. Seli zake ni ndefu kama uzi, nyingine zapata sentimita kadhaa kwa urefu, na kila moja ina viini vingi. Ukizitazama kwa hadubini utaziona zina mistari mistari, kwa sababu aktini na miosini zake zimepangwa kwa safu.

Sifa yake kubwa ni kwamba haijikazi ila kwa amri. Amri hutoka katika ubongo au katika uti wa mgongo, hupita katika neva, na mwisho wa neva hutolewa kemikali inayouamsha msuli. Neva ikikatwa, msuli hulala. Mara nyingi amri hiyo ni ya hiari, kama mtu anyanyuapo ndoo. Lakini si kila amri ni ya hiari. Mtu akikanyaga mwiba, mguu huruka kabla hajajua; amri ile imetoka katika uti wa mgongo, haikungoja ubongo. Jambo hili nalo tulishike, kwa kuwa mateke ya mnyama aliyechinjwa yahusika nalo.

Tena nyuzi za misuli hii si za sifa moja. Ziko zijikazazo polepole zisichoke upesi, nazo ni nyekundu kwa wingi wa mayoglobini, protini inayotunza oksijeni. Na ziko zijikazazo kwa kasi na nguvu lakini huchoka mara moja, nazo ni nyeupe zaidi. Mtazame kuku: mapaja yake atembeayo kutwa ni ya rangi nyekundu, na kidari chake, ambacho hukitumia kuruka kidogo tu akikimbia hatari, ni cheupe. Kisha umtazame njiwa arukaye mwendo mrefu: kidari chake ni chekundu. Hata sisi tumeumbwa na mchanganyiko wa nyuzi hizi. Naftali Temu, mwana wa Gusii, aliyeipatia Kenya nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki huko Mexico City mwaka 1968, alishinda mbio za mita 10,000. Na mbio hizo hutegemea zaidi nyuzi zisizochoka. Charles Asati, aliyekuwamo katika kundi la Kenya lililoshinda mbio za kupokezana za mita 400 mara 4 huko Munich mwaka 1972, alikimbia mwendo unaotaka sana nyuzi za kasi. Mazoezi huzinoa namna zote mbili.

AINA YA PILI: MISULI LAINI

Misuli hii imo katika kuta za matumbo, kibofu, tumbo la uzazi, mishipa ya damu, na hata katika mboni ya jicho na mizizi ya nywele. Alaye matumbo ameila, na firigisi ya kuku ni msuli laini mzito. Seli zake ni fupi, zimechongoka ncha mbili, kila moja ina kiini kimoja, wala hazina mistari.

Hii haingoji hiari yetu. Hujikaza polepole, nayo yaweza kukaa katika kujikaza muda mrefu kwa nguvu chache. Kwa sababu hiyo chakula husukumwa tumboni nasi tumelala, na mishipa ya damu hubana na kupanuka bila sisi kujua. Ng'ombe alalaye chini ya mti akacheua, tumbo lake kubwa lajikaza taratibu mara moja au mbili hivi kwa dakika, likichanganya majani. Lakini umio lake, tangu juu hata chini, ni la misuli yenye mistari, ya namna ile ya kwanza; na kwa hiyo huweza kulirudisha lile tonge kinywani kwa upesi. Umio la mwanadamu si hivyo. Sehemu yake ya chini ni ya misuli laini.

Misuli laini huendelea kujikaza kwa muda baada ya mnyama kufa. Wapasuao matumbo machinjioni hulijua jambo hili: utumbo uliokwisha kutolewa huonekana wajinyonganyonga kama mnyoo. Kujinyonga kule si maisha ya ng'ombe. Ng'ombe amekwisha kufa. Seli za utumbo wake hazijamaliza akiba yake.

AINA YA TATU: MSULI WA MOYO

Moyo ni msuli wa peke yake. Una mistari kama misuli ya mifupa, lakini seli zake ni fupi, zina matawi, na zimeungana vichwa kwa vichwa hata amri ikiingia katika moja huenea kwa zote, moyo mzima ukajikaza kwa mpango.

Na hiki ndicho kioja chake: amri ya kupiga haitoki nje, yatoka ndani yake mwenyewe. Mwaka 1906 Mjapani Sunao Tawara, aliyekuwa akisoma Ujerumani, alieleza njia ambayo amri hupitia ndani ya moyo. Na mwaka 1907 Arthur Keith na Martin Flack walikigundua kifundo kidogo kilicho juu upande wa kulia, ambacho ndicho chanzo cha mapigo. Neva zitokazo ubongoni huuongezea moyo kasi au huupunguzia, lakini hazikuuanzisha. Ndiyo sababu moyo wa mnyama uliotolewa kifuani huweza kuendelea kupiga kwa dakika kadhaa juu ya meza, hapana ubongo, hapana neva. Moyo wa mtu mzima hupiga mara 70 hivi kwa dakika, yaani karibu mara 100,000 kwa mchana na usiku; wala hapana mtu aliyeuamrisha hata pigo moja.

MNYAMA AKICHINJWA HUTOKEA NINI

Sasa tukusanye tuliyoyasoma. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wetu Afrika Mashariki, wajibu wa kuchinja ni kuikata njia ya pumzi na njia ya chakula, na sunna ni kuikata pamoja nazo ile mishipa miwili mikubwa ya damu iliyo ubavuni mwa shingo. Mishipa ikikatwa, damu huruka kwa nguvu. Nguvu hiyo ni nguvu ya msuli wa moyo usukumao. Ubongo ukikosa damu, fahamu hupotea. Si papo hapo, bali baada ya sekunde kadhaa, na kwa ng'ombe huweza kuchukua muda zaidi kuliko kondoo, kwa kuwa ng'ombe ana njia nyingine ya damu iendayo ubongoni ikipita ndani ya mifupa ya shingo, ambayo kisu hakiifikii.

Baada ya fahamu kupotea huja mateke. Mengi katika hayo ni ya uti wa mgongo, ule ulioamrisha mguu uruke juu ya mwiba. Kisha mateke hutulia, pumzi hukoma, na moyo nao husimama. Mwisho kabisa, nyama ikishakuwa vipande, hubaki ule mtetemo mdogo wa nyuzi hapa na pale. Mtetemo huu hautaki ubongo, wala uti wa mgongo, wala moyo. Maadamu mna ATP na kalsiamu katika seli, kuguswa na kisu au kunyunyiziwa chumvi kwatosha kuzishtua. Luigi Galvani wa Bologna, katika kitabu alichokitoa mwaka 1791, alieleza jinsi miguu ya chura aliyekwisha kufa ilivyoruka ilipopata umeme. Chura hakufufuka. Nyuzi zilijikaza, basi.

JAWABU LA NENO LA KWANZA

Kwa hiyo hoja ya mwenye nyama haisimami. Nyama iliyo juu ya ndoana yaweza kutetema ikiwa ng'ombe alichinjwa kwa sharia, na yaweza kutetema vilevile ikiwa alikufa kwa kuanguka, kisha akakatwa shingo baada ya kufa kitambo kidogo. Dalili ipatikanayo katika halali na haramu sawasawa si dalili ya kitu chochote.

Lililo la kuangalia ni hali ya mnyama wakati wa kisu. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Maida aya ya 3, imewaharimisha mnyama aliyenyongwa, aliyepigwa akafa, aliyeanguka, aliyepigwa pembe, na aliyeliwa na mnyama mkali, isipokuwa yule aliyewahiwa kuchinjwa. Wanavyuoni wa Shafi wakaeleza kwamba mnyama wa namna hiyo sharti awe na uhai uliotulia wakati wa kuchinjwa, waliouita hayatun mustaqirra. Na katika dalili za uhai huo wametaja mbili: harakati ya nguvu baada ya kukatwa, na damu kububujika.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi dalili hizi zilivyochaguliwa. Harakati ya nguvu ya mwili mzima haiwezi kupatikana ila neva na uti wa mgongo ziwe zafanya kazi zikiamrisha misuli ya mifupa. Damu ya kububujika haiwezi kupatikana ila msuli wa moyo uwe wasukuma. Hawakutaja mtetemo wa kipande cha nyama, wala kujinyonga kwa utumbo. Hawakuwa na hadubini, lakini walikuwa na macho, na uangalifu, na hofu ya Mwenyezi Mungu. Basi asemaye leo kwamba "nyama yacheza" ameiacha dalili ya wanavyuoni, na ameikosa dalili ya elimu pia.

Njia iliyo salama ni kumtazama mnyama kabla ya kisu: je, apumua? Je, jicho lake laona na kufumba? Je, asikia? Akikutwa hana pumzi, basi na aachwe; wala hapana hasara ya fedha ihalalishayo kibudu. Mnyama aliyefikia hali ya kufa kwa maradhi ana maneno yake katika vitabu vya fiqhi, na mwenye swali na amwulize mwanachuoni kabla ya kuuza, si baada. Na aliyekutwa amekufa ghafla asipasuliwe kabisa, kwa kuwa huenda amekufa kwa kimeta. Na kimeta huua watu, na mbegu zake hudumu katika udongo miaka mingi. Na aitwe bwana mifugo.

Tuongeze neno moja juu ya muhuri wa mkaguzi wa nyama. Muhuri ule ni wa haki na unatakiwa na sheria za nchi. Huonyesha kwamba nyama imetazamwa kwa ajili ya maradhi. Hauonyeshi mnyama alikuwaje wakati wa kisu. Jambo hilo limebaki katika dhima ya mwenye kisu. Katika miji mingi ya Kenya kisu cha machinjioni hushikwa na Mwislamu ili watu wote wapate kula, na majirani zetu wasio Waislamu hula kwa kumwamini. Hiyo ni amana mbele ya watu wa dini zote, na mwenye kuihini amewakosea wote.

JAWABU LA NENO LA PILI

Ama wachunaji, wao wamechukua neno la kweli wakalitia mahali si pake. Ni kweli kwamba kuna mtetemo usio na uhai. Lakini mnyama ambaye bado apumua, au ambaye jicho lake likiguswa hufumba, huyo hajafa. Na katika sekunde za mwanzo huenda hata fahamu hazijamtoka. Wanavyuoni wamechukia kuchuna, au kuvunja shingo, au kukata kiungo, kabla roho haijatoka. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws kwamba wema umeandikwa katika kila jambo, na kwamba mchinjaji anoe kisu chake na amstareheshe mnyama wake.

Basi kanuni ya darasa letu iwe hii: usitazame miguu, wala usitazame nyama, tazama pumzi na jicho. Pumzi ikikoma, na jicho likiguswa lisifumbe, na damu ikaacha kuruka, ngoja kidogo tena, ndipo uchune. Subira hii ni ya dakika chache, na haimpunguzii mtu faida yake hata senti moja.

Wala mtu asidhani kwamba kuvunja shingo kwazuia mateke kwa wema. Kiwambo cha pumzi, kilicho baina ya kifua na tumbo, ni msuli wa mifupa uamrishwao kwa neva zitokazo shingoni. Ukiukata uti hapo juu, pumzi hukatika kwa ghafla, lakini ubongo haukufa kwa pigo hilo. Utakuwa umemnyima mnyama pumzi na uwezo wa kujitikisa, usijue kama umemwondolea maumivu.

MNYAMA ALIYECHOSHWA

Iko faida nyingine katika elimu hii. Msuli ulio hai hujiwekea akiba ya sukari iitwayo glikojeni. Mnyama akichinjwa, damu haileti oksijeni tena, na msuli huigeuza akiba ile kuwa asidi ya laktiki. Asidi hii huishusha pH ya nyama kutoka 7 hivi hata 5.5 hivi, nayo huifanya nyama iwe na rangi nzuri na ikae bila kuharibika upesi, kwa kuwa vijidudu havipendi asidi.

Lakini ng'ombe akitembezwa mchana kutwa kupanda vilima kutoka upande wa Transmara, akapigwa njia nzima, akanyimwa maji, akachinjwa jioni ile ile naye ahema kwa hofu, akiba ya misuli yake imekwisha njiani. Asidi haipatikani ya kutosha. pH hubaki zaidi ya 6, na nyama huwa nyeusi, ngumu, yenye kunata, na huoza mapema. Mwenye bucha hulaumu hali ya hewa, na lawama ni ya fimbo. Mnyama apumzishwe, anyweshwe maji, asipigwe, wala asionyeshwe kisu wala mwenziwe anayechinjwa. Huruma ni amri ya dini. Na kwa hikma ya Muumba, mwenye kuikosa huipata hasara yake hata sokoni.

MISULI YA MAITI

Tulisema kwamba ATP ikimalizika, miosini haibanduki. Hiyo ndiyo sababu ya mwili wa maiti kukakamaa. Kwa mwanadamu mkakamao huanza kuonekana baada ya saa 2 hivi au zaidi, kwanza katika kope, taya na shingo, kisha hushuka mikononi na miguuni. Huwa kamili kwa muda wa saa 12 hivi, na baadaye, protini zikianza kuvunjika, hulegea kwa siku moja hadi tatu. Baridi, kama hii ya vilima vyetu, huuchelewesha.

Vitabu vya fiqhi vimetufundisha kwamba mtu akiisha kufa afumbwe macho, afungwe taya, na viungo vyake vilainishwe kwa kukunjwa na kunyooshwa. Kope na taya ndizo zikakamaazo mwanzo! Mwenye kuyafanya haya mapema humpata maiti wake yu mwepesi kuoshwa na kukafiniwa kwa heshima. Mwenye kuchelewa kwa kungoja huyu na yule hukuta mkono umeshika, kisha huanza kuuvuta kwa nguvu, nao ni mwili wa Mwislamu unaostahiki upole. Wala mkakamao si alama ya dhambi za maiti, na kulegea kwake si alama ya wema wake. Wasemao hivyo hutia huzuni mioyoni mwa wafiwa bila ya elimu. Kila maiti hukakamaa, mchaji Mungu na mwasi, kama kila ng'ombe akakamaavyo juu ya ndoana.

MWISHO

Misuli ya mifupa hungoja amri. Misuli laini hufanya kazi kimya kimya. Na msuli wa moyo hujiamrisha wenyewe kwa mpango aliouweka Muumba wake. Mwenye kuzijua tofauti hizi hatadanganywa na kipande cha nyama kitetemacho, wala hataharakisha kuchuna kiumbe ambacho bado chapumua. Twawaomba ndugu zetu wachinjaji, ambao kazi yao ni kubwa kuliko watu waionavyo, walisome somo hili pamoja na vijana wanaowafundisha kazi. Na wanunuzi nao waulize wanapotilia shaka, kwa adabu, bila kumzulia mtu.

MASWALI YA DARASA

1. Taja aina tatu za misuli, na kwa kila moja utoe mfano wa nyama iuzwayo buchani.

2. Kwa nini moyo huweza kupiga baada ya kutolewa kifuani, na paja haliwezi kupiga teke baada ya kukatwa?

3. Damu ya kububujika ni dalili ya msuli upi? Harakati ya nguvu ni dalili ya misuli ipi?

4. Mtu akileta nyama itetemayo akasema ni hoja ya uhalali, utamjibuje kwa fiqhi, na utamjibuje kwa elimu ya viumbe?

5. Ni mambo gani mawili utakayoyatazama kabla ya kuruhusu mnyama achunwe?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, na atupe huruma kwa kila kiumbe alichokitia mikononi mwetu. Wabillahi tawfiq.